Levin, Glanza na RunX Z: magari ya kasi ya magurudumu ya mbele yanapopandishwa milima ya Uganda

Nguvu za injini zinazoandikwa kwenye karatasi za mauzo huhesabiwa kwa hewa nzito ya usawa wa bahari, ilhali sisi wa Uganda tunaishi mbali na bahari na juu yake sana. Kampala imekaa takriban mita 1,200 juu ya usawa huo, Kabale inakaribia mita 2,000, na kadiri hewa inavyopungua uzito ndivyo injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inavyokosa pumzi. Kwa hesabu ya jumla, injini ya namna hiyo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, au zaidi kidogo, ikiwa Kampala, na ikifika Kabale imekwisha kupoteza karibu moja ya tano. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu ndilo linalogeuza hukumu yangu juu ya magari matatu ninayoyapitia hapa: Toyota Corolla Levin BZ-R, Toyota Starlet Glanza V na Toyota Corolla RunX Z Aerotourer. Yote huvutwa na magurudumu ya mbele, yote yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na yote nimeyaendesha kwa muda wa kutosha kuweza kumwambia mtu mwenye hamu ni lipi lingali linastahili fedha zake.

Kwa asiyeizoea mada hii, inafaa kueleza kwa nini gari lenye nguvu nyingi na magurudumu ya mbele yanayovuta limebishaniwa tangu zamani. Mshiko wa tairi una kikomo, na katika gari la aina hii tairi zile zile mbili hutakiwa zivute, zikate kona na zibebe sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva anapokanyaga mafuta, uzito wa gari huhamia nyuma, kwa hiyo tairi zinazohitaji kukandamizwa barabarani ndizo zinazopunguziwa mzigo. Isitoshe, injini inapolazwa kwa upana chini ya boneti, gia boksi huangukia upande mmoja, shafti moja ikawa fupi na nyingine ndefu, na nguvu ikija kwa ghafla usukani huvutwa kando bila ridhaa ya aliyeushika. Wamarekani walilikabili tatizo hilo kwa ubabe: Oldsmobile Toronado ya mwaka 1966 ilikuwa na injini ya silinda nane, ya lita 7, yenye nguvu za farasi 385, zote zikipelekwa mbele. Wajerumani walichagua wepesi, kwani Volkswagen Golf GTI iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ilikuwa na nguvu za farasi 110 tu, lakini uzito wake ulizidi kilo 800 kwa kidogo. Wajapani wa miaka ya 1990, ambao ndio waliotuletea magari tunayoyajua, waliifuata njia ya pili na kuongeza mizunguko ya injini.

Katika Afrika Mashariki ubishi huo ulikuwa umejibiwa kwa sehemu hata kabla ya magari hayo kuzaliwa, na aliyeujibu ni tope. Mwaka 1964, wakati mashindano ya Safari yalipokuwa yakipita katika nchi zetu tatu, Erik Carlsson alishika nafasi ya pili akiwa na Saab 96, gari dogo la magurudumu ya mbele ambalo kwa nguvu peke yake halikuwa na lolote la kujivunia mbele ya washindani wake. Injini ikikaa juu ya magurudumu yanayovuta, gari hujikokota mahali ambapo lenye kusukumwa kutoka nyuma hubaki likizungusha tairi, na yeyote aliyewahi kupita barabara ya udongo mwekundu mwezi wa Aprili anaelewa bila kuchorewa.

Nianze na Levin, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha. Toleo ninalolizungumzia ni la AE111, lililouzwa kuanzia mwaka 1995 hadi 2000, na BZ-R yenye gia sita ilianza mwaka 1997. Injini yake ni 4A-GE ya sentimita za ujazo 1,587, ile ambayo mafundi wetu huiita ya valvu 20, kwa maana kila silinda ina valvu tano na mlango wake wenyewe wa hewa. Kitabuni ina nguvu za farasi 165 kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika. Kampala uhesabu kama 145, na Kabale kama 130.

Levin niliyoizoea zaidi ilikuwa ya rangi ya fedha, mali ya mjomba wangu aliyekuwa akifanya biashara ya nafaka Mbale, naye alikuwa na ukarimu wa kuniachia ufunguo kila nilipomtembelea. Njia yake ilikuwa ya kuelekea Kapchorwa. Baada ya kuiacha tambarare ya Sironko barabara hupanda Mlima Elgon kwa kona zinazojikunja moja baada ya nyingine, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde lenye mahindi na migomba, na hapo ndipo nilipotambua kwamba gari hili halikutengenezwa kwa ajili ya mtu mvivu. Chini ya mizunguko 4,500 ni Corolla ya kawaida, tena Corolla iliyochoka kidogo. Ikipita 5,500 sauti ya kunyonya hewa hujaa ndani ya gari, sindano hukimbilia upande wa kulia bila kusitasita, na mkono hujikuta umefika kwenye gia kabla ya kuamriwa. Wafuasi wa magari yenye turbo husema kuwa hizo ni kelele bila mwendo. Kwa Kapchorwa wana sehemu ya ukweli, kwa sababu juu ya Sipi hewa imekwisha pungua na gia ya tatu huwa haipandi kama inavyopanda ukiwa chini, hivyo dereva hulazimika kuishi katika gia ya pili. Mimi sikuona kuwa ni adhabu.

Jambo ambalo Levin inalifanya kwa ubora kuliko mengine mawili ni kuzungumza na mikono. Usukani wake husaidiwa na msukumo wa mafuta, na kabla tairi za mbele hazijaachia barabara huanza kulegea kwa namna inayohisika waziwazi kwenye viganja, mapema kiasi cha kumpa dereva nafasi ya kupunguza mafuta kidogo na kuirudisha pua ya gari ndani ya kona. Akiyaachia mafuta yote kwa mara moja, nyuma huanza kuzunguka. Kwa dereva mwenye utulivu hiyo ni nyenzo ya kuikata kona, na kwa mwenye hofu ni mwanzo wa safari ya bondeni, kwa kuwa gari hili lilitengenezwa kabla ya mifumo ya kielektroniki ya kuzuia mtelezo kuenea. Uzito wake ni kilo 1,100 hivi. Breki zake hutosha kwa gari peke yake, lakini hazitoshi kwa watu watano na magunia kwenye buti, kama mjomba alivyozoea kulitumia.

Levin ina fadhila nyingine ambayo haisemwi sana. Kwa uwiano wa gia zake sita, gia ya pili ikivutwa hadi 7,800 hufikisha gari karibu na kilomita 100 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo kwenye barabara ya mwendo kasi ya Entebbe. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuitumia injini yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akakatisha raha yake pale sheria inapokatisha, na asiwe na la kumweleza askari wa barabarani. Magari ya kisasa yenye nguvu mara mbili ya hizo humnyima mwenyewe raha hiyo, kwa sababu yanapoanza kuchangamka leseni imekwisha kuwa hatarini.

Baadhi ya BZ-R zilikuja na mfumo wa springi na viungo vya mbele ambao Toyota iliuita Super Strut, uliobuniwa ili kupunguza kule kuvutwa kwa usukani na kuifanya tairi isimame wima zaidi kwenye kona. Kwenye lami laini ni mfumo mzuri mno. Kwenye barabara zetu simshauri mtu kuutafuta, kwa sababu una viungo vingi kuliko mfumo wa kawaida, mashimo huvila viungo hivyo, na spea zake hazipatikani kwa urahisi hata pale Kisekka, soko la spea mjini Kampala, ambako karibu kila kitu chenye jina la Toyota hupatikana. Levin yenye mfumo wa kawaida hutumia vitu vingi vya Corolla za kila siku, na fundi wa mtaa wowote anaijua.

Glanza ni habari nyingine kabisa. Ni Starlet ya EP91, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 1999, na ile V ndiyo yenye injini ya 4E-FTE, sentimita za ujazo 1,331 na turbo ndogo, ikitoa nguvu za farasi 135. Turbo yake imewekewa ngazi mbili za msukumo wa hewa: ngazi ya chini ni bar 0.4 na ya juu ni bar 0.65. Kwenye karatasi hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa muda mrefu vijana wa Levin na wa Honda waliidharau kwa sababu ya umbo lake, ambalo kwa kweli ni la gari la kwenda sokoni.

Hata hivyo hesabu ya mlima haiko upande wao. Turbo huisukuma hewa hata kama imepungua, na ingawa nayo hupoteza kitu kadiri gari linavyopanda, inapoteza kwa uchache zaidi: kule Kabale, ambako Levin imekwisha poteza moja ya tano, Glanza hupoteza kama moja ya nane tu. Ukizingatia pia kwamba ina uzito wa kama kilo 950, basi ule ubora ambao Levin inao usawa wa bahari, wa nguvu kwa kila kilo, unafutika na hata kugeuka kidogo upande wa Glanza. Zaidi ya hapo, nguvu zake za kuvuta ziko katikati, karibu na mizunguko 4,800, wala dereva hahitaji kuipigisha injini makelele ili kulipita lori la mkaa kwenye mwinuko.

Hii niliimiliki mwenyewe, nyeupe, yenye gia za mkono, na barabara niliyoipenda nayo ilikuwa ya Kabale kwenda Kisoro, inayopanda hadi Kanaba kisha ikashuka kwa mizunguko huku Muhabura ukijitokeza mbele. Katika njia ile nimewahi kuwaacha watu wenye magari ya thamani mara nyingi ya langu, na sioni haya kusema kuwa nilifurahia. Lakini Glanza haisamehe. Msukumo wa turbo hauji taratibu. Hukawia, kisha hufika wote, na ukifika wakati magurudumu yamekunjwa, usukani hukurupuka mkononi kama mbuzi anayevutwa kamba. Kwenye lami yenye maji, gia ya kwanza na ya pili huzungusha tairi bure, na ambapo nusu ya barabara ni lami na nusu nyingine ni kiraka cha changarawe, gurudumu moja hushika na lingine huteleza, ndipo gari huamua lenyewe upande wa kwenda. Tukizingatia idadi ya bodaboda zinazotumia ukingo huo huo wa barabara, dereva wa Glanza hana budi kujifunza kuufungua msukumo baada ya kuunyoosha usukani, na si kabla. Urefu mfupi baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma huongeza wepesi wa kugeuka, ila huongeza pia wepesi wa nyuma kuruka kwenye matuta ambayo hayakupakwa rangi.

Ndani hakuna cha kusifia. Plastiki ni ngumu, kelele za barabara huingia zote, na abiria wa nyuma hufika Mbarara wakiwa na malalamiko. Viti vya mbele peke yake ndivyo vilivyofikiriwa.

Kuna wakati rafiki mmoja kutoka Nairobi alikuja Jinja na Honda Civic Type R ya EK9, ile ya mwaka 1997 yenye injini ya 1.6 inayotoa nguvu za farasi 185 kwenye mizunguko 8,200 bila turbo, na difu inayoligawia nguvu gurudumu lenye mshiko. Aliniruhusu kuiendesha kwenye barabara ya Kamuli asubuhi moja. Ni bora kuliko magari yote matatu ninayoyahakiki, na tofauti kubwa inatoka kwenye ile difu: kanyaga mafuta katikati ya kona nayo huivuta pua ndani, mahali ambapo Levin ingeanza kusukumia nje na Glanza ingeanza kupigana na dereva. Siihakiki kwa kirefu kwa sababu ni adimu mno hapa kwetu, na hata mtu akiipata, injini yake haina ndugu wengi katika maduka yetu ya spea.

RunX Z Aerotourer ndiyo ya karibuni zaidi, na kwa watu wengi ndiyo yenye busara zaidi. Injini ni 2ZZ-GE ya lita 1.8, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha, yenye nguvu za farasi 190 kwenye mizunguko 7,600. Injini hiyo hiyo ndiyo Lotus waliyoiweka kwenye Elise. Karibu na mizunguko 6,000 valvu huanza kufunguliwa kwa kimo kikubwa zaidi, na gari hubadilika tabia kwa ghafla kiasi cha kumshtua abiria asiyeambiwa. Kwa nje hakuna anayeitambua, kwani RunX, Allex na Fielder zimejaa kila mtaa, na taa, bampa, vioo na bushi zake hupatikana bila kutafutwa. Ina milango mitano, ina nafasi ya familia, na kwa Kampala mpaka Masaka na kurudi sina gari jingine ninalolitaka katika haya. Kasoro yake ni kwamba ule mchezo wote uko juu ya mizunguko 6,000, na chini ya hapo, hasa ile yenye gia nne za otomatiki, ni RunX tu kama ya jirani. Usukani ni mwepesi na hausemi mengi. Uwiano wa mgandamizo wa injini ni 11.5 kwa 1, kwa hiyo petroli ya okteni ya juu si anasa kwake. Injini za mwanzo zinajulikana pia kwa kuchakaa kwa boliti za mtambo unaoinua valvu, na dalili yake ni rahisi: ikipita mizunguko 6,000 bila kubadilika sauti wala mwendo, basi mnunuzi anauziwa Z isiyofanya kazi ya Z.

Anayetaka kununua mojawapo leo anapaswa kujua kwamba mlango wa kuingiza umefungwa. Tangu mwaka 2018 sheria imekataza kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi, na hata RunX za mwisho, za mwaka 2006, zimekwisha kuvuka mpaka huo. Zilizobaki ni zile ambazo tayari zina namba za Uganda, na kila moja ina historia ya mafundi, ya ajali na ya vijana waliojaribu kuiongezea nguvu. Hadaa ya kwanza kuangalia ni ya jina. Kuna Glanza S, isiyo na turbo na yenye nguvu za farasi 85, ambayo baadhi ya wauzaji huibandika herufi ya V na boneti yenye tundu la hewa. Kuna Levin za injini za kawaida za 5A na 4A-FE, na kuna BZ-R halisi ambazo injini yake ilikufa zamani na nafasi yake ikachukuliwa na hizo hizo. Boneti ifunguliwe, namba ya injini isomwe, na ilinganishwe na kadi ya gari.

Baada ya hapo, usukani ukunjwe hadi mwisho, kulia kisha kushoto, huku gari likisogea polepole kwenye uwanja. Mlio wa kugongagonga ni wa viungo vya shafti, ambavyo vumbi huviua mara mpira wake unapochanika. Tairi za mbele zikaguliwe upande wa ndani, maana huko ndiko gari lililoshushwa springi hujifichulia. Kwa Levin, injini iachwe ipate joto kisha isikilizwe ikiwa imetulia, kwa sababu milango minne ya hewa isiyolingana huifanya itetemeke, na si kila fundi ana subira ya kuilinganisha.

Kwa fedha zangu mwenyewe, na kwa kuwa safari zangu nyingi ni za magharibi, ningenunua tena Glanza V ya gia za mkono, isiyoguswa, kisha nikaipa tairi nzuri za mbele kabla ya redio. Anayeishi Entebbe au Jinja na asiyepanda milima mara kwa mara, Levin itamfaa zaidi, na mwenye watoto wa kupeleka shule achukue RunX. Glanza ambayo imeongezewa msukumo juu ya bar 0.65 mimi siigusi, hata ikiwa bei yake inavutia, mpaka mwenye nayo anionyeshe ni mafuta gani amekuwa akiiwekea na ni fundi yupi aliyeifungua injini mara ya mwisho.